Wiki tatu kabla ya Krismasi Mwanza: mwongozo kamili wa usiku wa maigizo, kutembelea ndugu na matembezi ya mjini

Shule zikifungwa mwanzoni mwa Desemba, Mwanza inachangamka. Mabasi ya Dar es Salaam yanashusha watu na mabegi yao stendi ya Nyegezi, watoto wa shangazi wanajaa sebuleni, na karibu kila kanisa ukipita jioni unasikia kwaya ikifanya mazoezi. Kuanzia hapo hadi tarehe 24 kuna kama wiki tatu, na kwangu mimi hizo ndizo sikukuu yenyewe. Tarehe 25 watu wanasali, wanakula pilau na kupumzika. Kuonana, kucheka pamoja na kutembea, nafasi yake ni kabla ya hapo.

Shida ni kwamba wiki hizi huisha bila mtu kujua zimeishaje. Tunasema "tutapanga tu", halafu tarehe 23 inafika babu hajaonwa, igizo la watoto limeshapita na mji umejaa mpaka pa kukanyaga hakuna. Ndiyo maana napanga kwa mfuatano mmoja: kwanza jukwaa, kisha wazee, mji mwisho. Igizo lina tarehe moja tu na likipita limepita. Wazee wana siku wanazopatikana na siku wasizopatikana. Mji upo kila siku, hivyo unajaza nafasi zinazobaki.

Hatua ya kwanza: kaeni na kalenda kabla ya Sikukuu ya Uhuru

Tarehe 9 Desemba ni mapumziko ya kitaifa, na watu wengi wako nyumbani. Ifanyeni iwe siku ya kumaliza mipango, wala si ya kuianza. Chukueni karatasi moja kubwa, andikeni siku zote hadi tarehe 26, na muibandike mahali ambapo kila mtu anapita. Mambo ya familia yakikaa kwenye simu ya mtu mmoja, wengine wote wanabaki kuuliza.

Jambo moja la kuangalia mapema kwa sisi wa Kanda ya Ziwa: familia nyingi zina Wasabato ndani yake. Kuanzia jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi, usiwaalike matembezi ya Kisiwa cha Saanane wala ya sokoni. Waulize kanisani kwao kuna nini Sabato hiyo mchana, maana mara nyingi ndipo kwaya zao zinapoimba vizuri kuliko siku nyingine zote, kisha nendeni ninyi kwao. Ndugu Waislamu nao waingizwe kwenye karatasi mapema. Wengi hufurahi kuja kuona watoto wakiigiza, na kinachowazuia mara nyingi ni kwamba hakuna aliyewaambia.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi. Kabla ya kugawa chochote, toeni kwanza ada, sare na madaftari ya Januari, mziweke mahali pasipofikika kirahisi. Kinachobaki gaweni mafungu manne: nauli, zawadi za wazee, viingilio, na chakula cha kula nje. Fungu la nauli liwe kubwa kuliko mnavyofikiri. Ndilo linalokwisha kwanza, na likikwisha matembezi yote yanasimama.

Hatua ya pili: usiku wa jukwaani

Hapa ndipo ninapotaka uweke nguvu. Mwanza hatuna jumba la maigizo linalofungua pazia kila jioni. Jukwaa letu linahamahama: leo liko kanisani, kesho kwenye bwalo la shule, wiki ijayo Gandhi Hall, kwenye ukumbi wa Rock City Mall au viwanja vya Furahisha. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulitafuta.

Sikilizeni redio za hapa hapa, kama Redio Free Africa na Jembe FM, kwani matangazo ya matamasha hupita huko. Someni mabango ya barabarani. Lakini chanzo cha kuaminika kuliko vyote ni matangazo ya kanisani mwishoni mwa ibada, na walimu wa shule ya Jumapili. Mwalimu wa watoto ndiye anayejua igizo la Krismasi litakuwa siku gani, saa ngapi, na kama kuna mazoezi ya mwisho yenye mavazi ambayo wazazi wanaruhusiwa kutazama. Mkiwa na watoto wadogo wasiotulia, nendeni kwenye mazoezi hayo. Watu ni wachache, mnakaa mbele, na mtoto akilia hakuna anayegeuka.

Desemba pia ndio mwezi wa kwaya kuzindua albamu na kufanya matamasha. Jiji hili limelea kwaya zinazojulikana nchi nzima, ya AIC Makongoro ikiwa mojawapo, na kumsikia mwimbaji akiwa mita chache mbele yako ni tofauti kabisa na kumsikia redioni. Kabla ya kununua tiketi ulizeni mambo mawili. Kwanza, je, kuna harambee ndani ya shughuli? Ikiwepo, mwende na kiasi kidogo cha kuchangia na mjiandae kwa saa za ziada. Pili, mgeni rasmi anatarajiwa saa ngapi? Tamasha la watu wazima huanza mgeni akishafika, hata kama tangazo linasema saa nane mchana. Igizo la watoto ni kinyume chake: huanza kwa wakati, kwa sababu malaika wenye miaka mitano wakicheleweshwa wanasinzia.

Sasa tuseme mmefika. Kaeni pembeni ya njia ya katikati, kwa kuwa waigizaji wengi huingilia hapo. Hilo ni jambo dogo lakini linabadilisha usiku mzima kwa mtoto. Wachungaji wanapita wamejifunga lubega, fimbo begani, mmoja akipiga mluzi wa kuswaga ng'ombe, na hapo ukumbi mzima unacheka kwa furaha maana mluzi ule tunaujua. Nusu ya walioketi pale walichunga ng'ombe utotoni, Magu au Kwimba au Misungwi. Halafu mamajusi wanaingia na vitenge vinavyoburuza sakafuni, mbeba dhahabu akiwa ameshika kopo la maziwa lililofungwa karatasi inayong'aa. Mtoto wako aliyeketi pembeni anaweza kuligusa lile kopo linapopita. Nyumbani ataigiza jambo hilo wiki nzima.

Wasimulieni watoto kisa kabla ya kutoka nyumbani: nani ni Herode, kwa nini Yusufu na Mariamu wako safarini, mamajusi wanatafuta nini. Mtoto anayejua kinachokuja hutulia akisubiri kitokee. Wapeni chakula kabla ya kuondoka, mbebe maji na kitu kikavu kama chapati au karanga. Simu zizimwe sauti, na kama mnapiga picha, msisimame mbele ya waliokaa.

Kurudi nyumbani kupangwe kabla ya kwenda. Usiku ukikua daladala hupungua, hasa za mitaa ya milimani, na watu wakitoka ukumbini kwa pamoja bajaji zote zinachukuliwa ndani ya dakika chache. Kubaliana na dereva mmoja unayemfahamu, bei na saa, na mwambie asubiri mahali penye taa. Kupakia watoto watatu kwenye bodaboda moja usiku, tena mvua ikinyesha, sikushauri hata kama ni karibu.

Kwa wageni wanaotaka kuona sanaa ya jukwaa iliyozaliwa hapa hapa, wapeleke Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma. Yako Kisesa, mwendo wa kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma, na daladala za Kisesa zinakufikisha karibu. Mwanzilishi wake ni Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanza kazi hiyo miaka ya 1950. Kuna jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, kuna ngoma kubwa za watemi wa zamani, na kuna jengo linalosimulia ushindani wa vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu. Ushindani huo ni maigizo kamili: kila upande unaleta mbinu mpya, dawa zake, hata nyoka, ili kuvuta watazamaji upande wake. Tamasha kubwa la Bulabo hufanyika Juni, kwa hiyo usije Desemba ukitarajia kukuta ngoma zikichezwa uwanjani. Mkiwa kundi, pigeni simu siku kadhaa kabla, ulizeni kama wachezaji wanaweza kuandaliwa na kwa gharama gani, kisha mkubaliane saa. Watoto wakiona ngoma ya bugobogobo, majembe yakirushwa juu na kudakwa kwa mdundo, huwa hawaulizi tena kama kuna katuni.

Igizo la nyumbani, kwa wasiopata tiketi na hata kwa waliopata

Huu ndio usiku ninaoupenda kuliko yote, na unagharimu karibu na bure. Chagueni siku moja ambayo wageni wote wamefika. Asubuhi wapeni watoto kazi: watengeneze igizo la dakika kumi, wakubwa wasiingilie. Waachieni kanga mbili za pazia na kamba, shuka nyeupe, sufuria za kupiga ngoma, na tochi mbili. Kisa wachague wenyewe. Kinaweza kuwa cha Krismasi, cha sungura na fisi, au cha jinsi baba mdogo alivyoposa.

Jioni, baada ya chakula, taa zizimwe ibaki tochi. Anzeni na vitendawili ili wote waamke: "Kitendawili!" "Tega!" Mzee aanze, kisha mtoto, kisha mzee. Ikifuata hadithi, mpeni bibi nafasi, na msimkatishe hata kama mnaijua. Watoto waje mwisho na igizo lao, maana wakitangulia, msisimko wao hauachi nafasi ya hadithi ya bibi. Umeme ukikatika katikati, endeleeni. Mtu mmoja arekodi kwa simu akiwa amekaa chini, asizunguke. Sauti ya bibi ndiyo mtakayoitafuta baadaye, kwa hiyo simu iwe karibu naye.

Hatua ya tatu: kwa wazee

Watu wa mjini wanasahau kwamba Desemba vijijini ni msimu wa kilimo. Mvua za vuli zimeshika, pamba inapandwa, mahindi yanapaliliwa, na wenye majaruba wanaandaa mpunga. Ukifika saa tatu asubuhi Misungwi au Magu utamkuta mama mkubwa yuko shambani, na atalazimika kuacha kazi akupokee. Fikeni kuanzia saa nane mchana, au kama mnalala, fikeni jioni, na asubuhi mvae nguo za kazi mwende naye shambani. Kumpalilia mistari miwili mitatu ni zawadi ambayo atawasimulia majirani.

Toa taarifa siku mbili kabla. Bila taarifa, mzee anaona aibu kuwa na chakula kidogo, na anaweza kukopa kuku kwa jirani. Mwambie: "Shikamoo baba, Alhamisi tunakuja kukusalimia, tutakula kilichopo." Watoto wafundishwe njiani namna ya kuamkia: shikamoo kwa kila mkubwa, binti anapiga goti kidogo, na kwa bibi anayependa Kisukuma waseme "mwangaluka" asubuhi au "mwadila" mchana. Matamshi yakiwa mabaya si kitu, bibi atawafundisha kwa furaha.

Zawadi ziwe za kutumika: sukari, mchele, mafuta ya kula, sabuni ya mche, kitenge. Kwa ndugu wanaoishi mbali na ziwa, hakuna kinachopendwa kama dagaa, nao hununuliwa soko la Mwaloni, Kirumba. Ununuzi wa dagaa Desemba unataka umakini, kwa sababu mvua zinavuruga uanikaji. Chota kiganja kizima kutoka katikati ya gunia, si juu. Waangalie rangi: wazuri wanang'aa kama fedha, waliochelewa kukauka wanageuka njano au kahawia. Vunja mmoja: akikatika kwa mlio ni mkavu, akijikunja bado ana maji na ataoza kwenye begi. Nusa. Kisha wasugue taratibu juu ya karatasi nyeupe uone mchanga. Walioanikwa juu ya chanja huacha karatasi safi, walioanikwa chini huacha punje. Wa chanja wana bei ya juu kidogo, lakini mpishi wa kule atakushukuru. Ukitaka samaki mkubwa wa kusafirisha, chukua kayabo, yaani sangara wa chumvi. Sato mbichi usimpakie kwenye basi bila barafu. Mpeleke kwa ndugu wa hapa hapa mjini, na wakati wa kununua fungua mashavu yake, ndani yawe mekundu, na ubonyeze mgongo uone kama nyama inarudi.

Wenye wazee Sengerema na Geita wana habari njema. Daraja la J. P. Magufuli, kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Foleni ya kivuko iliyokuwa inakula muda mwingi haipo tena, na sasa ni rahisi kwenda Sengerema kumsalimia babu, kula naye mchana na kurudi Mwanza kabla ya giza. Ukerewe bado ni safari ya meli hadi Nansio, hivyo pangeni kulala. Kateni tiketi ofisini, kwa majina yenu, na mkataeni mtu yeyote anayewavuta kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi. Ziwa hili limetufundisha kwa uchungu, MV Bukoba ilipozama mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018. Kukosa safari moja ni jambo dogo.

Hizi safari zote zimalizike kufikia tarehe 20. Baada ya hapo nauli na msongamano vinapanda pamoja, na stendi za Nyegezi na Nyamhongolo zinajaa watu wanaogombea viti.

Hatua ya nne: mji

Siku za matembezi ziwe katikati ya wiki, na zianze asubuhi. Mchana upepo wa ziwa huongezeka na mawimbi nayo, kwa hiyo Kisiwa cha Saanane kiwe cha kwanza. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ina ukubwa wa kilomita za mraba 2.18 tu, na iko ndani ya jiji. Ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, na jina ni la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi pale kabla. Boti kutoka upande wa Capri Point inachukua dakika chache. Bebeni vitambulisho vya taifa, maana kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni, na mvae viatu vinavyoshika vizuri, kwa kuwa mtapanda mawe. Vaeni jaketi okozi kabla boti haijaondoka, na la mtoto lifungwe hadi mkanda wa chini. Watoto waangalie nyufa za mawe wakiwa kimya: pimbi wako wengi kuliko wanavyodhani.

Mkirudi, Jiwe la Bismarck liko karibu na kivuko cha Kamanga, pazuri kwa picha jioni. Fukwe za Tunza na Malaika zinafaa kwa chakula na kucheza mchangani. Kuogelea ziwani siwashauri, hasa kwa watoto wageni: kichocho bado kipo kwenye maji ya ufukweni yenye majani na konokono, na dakika chache za kuchezea maji zinatosha kukipata. Waliokwisha kuingia wakapime baada ya wiki kadhaa. Dawa ipo na inatibu.

Ununuzi wa nguo Makoroboi na Mlango Mmoja ufanyike asubuhi, mapema katika mwezi, mtoto mmoja kwa mtu mzima mmoja, simu mfuko wa mbele. Mvua kubwa ikianza, kaeni mlipo. Mto Mirongo hujaa haraka na eneo la Mabatini hufunga magari kwa muda mrefu, kwa hiyo anayekimbilia daladala ataishia kulowa kwenye foleni.

Tarehe 24

Acheni siku hiyo wazi. Chakula kiandaliwe mchana, vitunguu vikatwe, nyama iwekwe viungo. Kama mnakwenda misa ya mkesha Kanisa Kuu la Epifania Bugando, fikeni angalau saa moja kabla, kwani viti vya ndani huisha na watu husimama nje. Wabebeeni wazee kiti cha plastiki na sweta, watoto walale kidogo alasiri, na dereva wenu aambiwe tangu asubuhi kwamba misa inaweza kuvuka saa sita usiku.